Nina mashimo ya chunusi usoni na harusi ni miezi minne ijayo

Bi Muuguzi, shikamoo.

Nina miaka 26, nimezaliwa na kulelewa Kibokoni, Mombasa. Babu wa babangu alikuja kutoka Kachchh kwa jahazi, kwa hiyo mimi ni Mhindi wa sura na Mswahili wa mengine yote. Nakutajia asili yangu kwa sababu kila nikitafuta ushauri nakuta unaohusu ngozi ya Kizungu, au ngozi nyeusi, na yangu sijui niiweke wapi. Nikishinda ufukweni Nyali siku moja nageuka rangi ya chai ya maziwa, na jeraha lolote huniachia doa. Hata mbu akiniuma, alama yake nakaa nayo miezi.

Chunusi zilinianza nikiwa darasa la nane, nami nikazitumbua zote kwa kucha. Mwaka jana daktari alinianzishia vidonge vya isotretinoini. Nilimeza miezi saba, na nimemaliza miezi mitatu iliyopita. Chunusi zimekwisha, alhamdulillahi, ila zimeacha mashimo. Mashavuni mengine ni kama yametobolewa kwa sindano ya kushonea, mengine ni mapana, ngozi imebonyea tu. Wageni wakija mamangu huniashiria nihame upande wa dirisha. Najua ananionea huruma, lakini huwa naumia.

Nimeposwa, na harusi ni miezi minne kutoka sasa. Siku waliyokuja kuposa nilikuwa napitisha sinia ya sharubati nikamsikia mmoja wa mawifi akimnong'oneza mwenzake: "Sura nzuri, laiti si hayo mashimo." Tangu siku hiyo sina usingizi.

Mbele yangu nina njia tatu. Saluni moja hapa mjini inanipa leza mara nne, na bei inashuka nikilipa zote kwa pamoja. Nilipouliza kama ngozi yangu itastahimili, msichana alinijibu mashine imetoka Korea kwa hiyo imetengenezewa ngozi ya Kiasia. Ya pili, khalati yangu ameniletea krimu kutoka Mumbai. Nimeipaka wiki tatu, uso umeng'aa na madoa yamefifia, ila mashimo yako palepale. Ya tatu, rafiki yangu amenipa kichupa cha asidi ya TCA ya asilimia 50 aliyoagiza mtandaoni. Ameona video ya mtu akijipaka uso mzima. Bado sijakifungua, kwa sababu nilipokuwa na miaka 22 nilichubuliwa uso kwa asidi kwenye saluni nyingine, na mashavu yakawa meusi kama yamepakwa masizi kwa miezi minane.

Mchumba wangu hajasema neno lolote kuhusu uso wangu. Nifanye lipi?

Binti wa Kibokoni

*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya yote, kile kichupa kiache kimefungwa hivyo hivyo. TCA huunguza ngozi, na kwa asilimia 50 ikipakwa uso mzima na mtu asiye daktari inashuka chini kuliko inavyodhaniwa. Utakuwa na makovu mapya juu ya yale ya zamani, na weusi ambao miezi minane ile utaiona michache. Ninalosikitikia ni kwamba video hizo zimechukua tiba ya kweli zikaipindua. Mwaka 2002 madaktari wa Korea Kusini walichapisha matokeo ya wagonjwa 65 waliotibiwa makovu ya chunusi kwa TCA kali, ya asilimia 65 na ya asilimia 100, na wengi wao walipata nafuu nzuri. Lakini hakuna aliyepakwa uso. Daktari alichukua kijiti cha mbao kilichochongwa ncha, akakichovya, akagusa ndani ya shimo moja, akasubiri paweupe kama chumvi, akaenda shimo la pili. Ngozi ya kando haikuguswa, na hiyo ndiyo iliyosaidia shimo kupona bila kuacha weusi mpana. Dawa ni ile ile, tofauti iko kwenye mkono na ncha ya kijiti.

Krimu ya khalati nayo nakuomba uigeuze usome nyuma. Krimu nyingi za namna hiyo zinazoletwa kwenye masanduku ya wasafiri huwa na dawa tatu pamoja: haidrokwinoni ya kufifisha rangi, tretinoini ya jamii ya vitamini A, na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, kama mometasoni, fluosinoloni au klobetasoli. Steroidi ndiyo inayokung'arisha. Wiki za mwanzo uso unapoa, unalainika, kila mtu anauliza unatumia nini. Ukiendelea miezi, ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vyekundu vinajitokeza, malaika ya usoni yanazidi, na chunusi zinarudi zikiwa nyingi kuliko ulizozizika. Nilikaa miaka mingi kwenye chumba cha ngozi, na nyuso zilizonitoa machozi zaidi zilikuwa hizi, za mabinti walioanza na doa moja. Wiki tatu ni chache, unaweza kuacha sasa. Ukiona uso unawaka au unakuwa mwekundu baada ya kuacha, usirudi kwenye krimu ili upoe, mwone daktari na umwonyeshe tyubu yenyewe. Kama ungekuwa umeipaka miezi sita, ningekuambia umwone daktari kabla ya kuacha. Ikiwa tyubu haina maandishi ya viungo kabisa, hiyo ni mbaya zaidi, kwani zimo zenye zebaki. Na hata ingekuwa salama, krimu ya kung'arisha haijazi shimo. Doa ni rangi, shimo ni nyama iliyopungua. Wewe mwenyewe umeliona hilo, umeandika mashimo yako palepale.

Sasa suala la ngozi yako uiweke wapi. Mwaka 1975 daktari Thomas Fitzpatrick wa Harvard alianza kupanga ngozi kwa jinsi inavyoungua na kuiva juani, na siku hizi mpango wake una ngazi sita. Ngazi ya kwanza ni ya mtu mweupe kabisa anayeungua bila kuiva, ya sita ni ya mtu mweusi sana. Watu wa asili ya Bara Hindi wengi wako kwenye ya nne na ya tano. Wakorea wengi wako ya tatu na ya nne. Kwa hiyo "ngozi ya Kiasia" si kitu kimoja, na mashine haijui ilitoka nchi gani. Kinachokulinda ni nguvu iliyowekwa, idadi ya vitundu inavyotoboa, na mtu aliyeshika kishikio. Jibu la yule msichana lilikuwa la kuuza.

Ngozi yako ina chembechembe za kutengeneza rangi ambazo ni nyepesi kushtuka. Ikichomwa, ikikwaruzwa, ikivimba, zinamwaga rangi kama ngisi. Ndiyo maana mbu anakuachia alama. Rangi hiyo ikikaa juu juu inaondoka kwa miezi, ikizama chini inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Kwa hiyo kila tiba ya shimo ina bei mbili kwako: ya pesa, na ya rangi. Mzungu analipa ya kwanza tu, kwa kawaida. Tiba yako inatakiwa ianze taratibu, kwa nguvu ndogo, kwa vipindi vilivyoachana, na kila kitu kipya kijaribiwe kwanza mahali padogo karibu na sikio kisha pasubiriwe wiki nne hadi sita. Weusi hautokei siku ile ile, huja wiki ya pili, ya tatu. Saluni inayokuuzia vipindi vinne kwa pamoja imeuza cha pili kabla haijajua cha kwanza kimekufanya nini. Wanaodaka pesa kabla ya jaribio uwaepuke hata kama mashine yao ni mpya.

Twende dirishani, pale pale mamako anapokuhamisha. Nataka ukae hapo makusudi, asubuhi, mwanga uje kutoka ubavuni, na kioo mkononi. Kwa mkono wa pili livute shavu taratibu kuelekea sikioni. Kuna mabonde yatakayopotea ukivuta. Hayo mapana, yenye ukubwa wa milimita nne, tano, yanayofanya shavu lionekane na mawimbi, hayana upungufu mkubwa wa nyama. Yameshikwa kwa chini. Chunusi ilipopona iliacha nyuzi ngumu zinazoivuta ngozi kuelekea ndani, kama kifungo cha godoro. Kuna mengine yatabaki ukivuta, yana kingo zilizosimama kama sahani, hayo ni ya pili. Na yapo yale ya sindano ya kushonea, membamba chini ya milimita mbili lakini marefu, huzidi kubana kadiri yanavyoshuka. Hayo ndiyo mengi kwa watu wengi wenye makovu ya mashimo, zaidi ya nusu, na ndiyo magumu. Andika kwenye karatasi ni yapi uliyo nayo zaidi, na wapi. Ukienda kwa daktari naye akaanza kukutajia mashine bila kukugusa shavu wala kulivuta, ondoka.

Maana kila aina ina chombo chake. Kwa yale yaliyoshikwa chini, hakuna krimu wala leza itakayoyafungua mpaka nyuzi zikatwe. Daktari anakupa ganzi, anaingiza sindano maalumu au mrija butu chini ya ngozi, anaupitisha huku na huku mpaka nyuzi ziachie. Wenyewe huita sabsisheni. Utavilia damu na kuvimba wiki moja, mbili, uso unatisha kidogo kumtazama, lakini kwa ngozi ya rangi yako ina fadhila kubwa: kazi inafanyika chini, juu panabaki tundu moja tu la kuingilia. Mimi nikiulizwa nianze na lipi kwa uso wenye mabonde, naanza na hili. Kwa mashimo membamba, ni ile TCA ya kijiti niliyokueleza, au daktari anayatoa moja moja kwa kikata kidogo cha duara na kushona uzi mmoja. Yenye kingo zilizosimama na kina kirefu nayo hukatwa hivyo, au sakafu yake hunyanyuliwa ikalingana na jirani zake.

Baada ya hapo ndipo uso mzima unapolainishwa, na hapa watu hupenda kuanza. Kuna sindano ndogo nyingi, za kama milimita moja na nusu, zinazotoboa ngozi ili ijijengee upya kolajeni, ile protini inayoishikilia. Mtaalamu wa upasuaji wa sura wa Cape Town, Des Fernandes, ndiye aliyeieneza kwa kigurudumu chake chenye sindano, ingawa madaktari wengi sasa hutumia kalamu ya umeme. Haiunguzi, na ndiyo sababu hatari ya weusi ni ndogo kuliko ya leza, nami kwa ngozi ya ngazi ya nne na ya tano naiweka mbele. Hufanywa mara tatu hadi sita, kwa nafasi ya mwezi au zaidi. Vigurudumu vinavyouzwa vya nyumbani usivinunue: vyenye sindano fupi havifiki kwenye kovu, vyenye ndefu vinaingiza vijidudu, na nimeona dada watatu wakitumia kimoja. Damu ni damu, mwanangu.

Leza haikatazwi kwako. Naomba nieleweke hapa, kwa sababu wapo watakaokuambia Mhindi hafai leza kabisa, na si kweli. Leza zinazotoboa vitundu vidogo na kuacha ngozi nzima katikati zilianza kuelezwa mwaka 2004, na zimewasaidia watu wengi wa rangi yako. Zipo zinazounguza na kuondoa ngozi ya juu, kama ya kaboni dioksidi, na zipo zinazopasha chini bila kuondoa ya juu. Hizi za pili ni polepole lakini ni salama zaidi kwako. Zile za kwanza zinahitaji daktari wa ngozi anayejua kupunguza idadi ya vitundu, aliyekuandaa kwa dawa ya kutuliza rangi kabla, na atakayekufuata baada. Niliwahi kumpokea binti wa Kihindi, rika lako, aliyefanyiwa leza na mtu asiyejua. Mashavu yake yalikuwa na miraba, safu kwa safu, nyeusi, kama wavu wa dirisha umegandamizwa usoni. Ilichukua zaidi ya mwaka kufifia na mashimo yalikuwa bado yapo.

Kuhusu vidonge ulivyomaliza, kwa miaka mingi sheria ilikuwa mtu asiguswe uso kwa miezi sita baada ya isotretinoini. Mwaka 2017 madaktari wa ngozi wa Marekani waliupitia upya ushahidi wakakuta hautoshi kuzuia mambo mepesi kama sindano ndogo, leza zisizoondoa ngozi ya juu na asidi za juu juu. Lakini kukwangua uso kwa mashine na leza za kuunguza uso mzima bado walishauri zisubiri. Wewe una miezi mitatu tu, na ngozi yako imeshawahi kukuonyesha inavyojibu. Kwa hilo pekee, leza ile ya saluni ningeikataa, hata harusi isingekuwepo.

Na harusi ipo. Miezi minne haitoshi kutibu makovu ya mashimo, na anayekuahidi kinyume anakudanganya. Kolajeni hujengeka polepole, miezi mitatu hadi sita baada ya kila kazi, na mtu mwenye mchanganyiko kama wako huhitaji mwaka mmoja, pengine mmoja na nusu. Miezi minne inatosha kabisa kukuharibia, lakini. Kwa hiyo ningekuwa mamako ningegawanya kazi: kabla ya harusi rangi, baada ya harusi mashimo.

Rangi unaishughulikia hivi. Kinga ya jua kila asubuhi, SPF 30 au zaidi, hata siku ya mawingu, hata ukiwa na buibui, kwa sababu buibui haufuniki mashavu na Mombasa tuko digrii nne tu kusini mwa Ikweta. Mistari miwili ya krimu kwenye vidole viwili ndiyo kipimo cha uso na shingo, si tone moja, na ukiwa nje urudie kila saa mbili. Tafuta yenye rangi ya ngozi, kwa sababu ile rangi ni oksidi ya chuma, nayo inazuia pia mwanga wa kawaida unaochochea madoa kwa watu kama wewe. Usiku, asidi ya azeleiki ya asilimia 15 au 20 ni rafiki mzuri: inafifisha madoa, inazuia chunusi, na haileti vita. Daktari anaweza kukuongezea adapalini, ndugu yake tretinoini, siku mbili kwa wiki kwanza, ngozi ikizoea uongeze. Haidrokwinoni ni dawa ya kweli ikiandikwa na daktari kwa miezi michache na kusimamiwa. Ya kujinunulia na kupaka miaka huleta weusi wa bluu usiotoka tena, na ndiyo sababu imepigwa marufuku kwenye vipodozi Kenya na Tanzania. Ukishapata daktari mapema, na jaribio la karibu na sikio likaenda vizuri, mnaweza kufanya kipindi kimoja cha sindano ndogo. Mimi singekubali sindano yoyote ndani ya miezi miwili ya mwisho. Daktari mwingine atakuambia wiki nne zinatosha, na huenda kwa wengi zinatosha. Kwako uliyekaa mweusi miezi minane, sitaki kubahatisha.

Nyumbani kutakuwa na shughuli, nazo najua hazikwepeki. Wazee wa kwenu watataka kukupaka pithi, yaani manjano na unga wa dengu, na upande wa Waswahili watakuja na singo. Mwilini wakusugue watakavyo. Usoni wakupake kidogo tu kwa baraka, kwa mkono mwepesi, bila kusugua na bila ndimu. Ndimu ikibaki kwenye ngozi ukatoka juani huunguza, na huacha doa lenye umbo la vidole vya aliyekupaka. Nyusi tinda kwa uzi, usitumie nta ukiwa unapaka adapalini, itaondoka na ngozi. Na piko nyeusi ile ya haraka nakuomba uikatae hata mikononi. Mara nyingi ina kemikali ya rangi ya nywele, nimeona mikono ya maharusi imejaa malengelenge wiki ya harusi. Hina halisi ni nyekundu na inatosha.

Siku yenyewe kumbuka shimo ni kivuli. Mwanga wa ubavuni unachimba, mwanga wa mbele unajaza. Mwambie mpiga picha wako mapema taa kubwa na laini iwe mbele yako, juu kidogo ya macho, na asiwashe ile taa moja ya pembeni inayopendwa ukumbini. Anayekupamba aanze na krimu ya msingi ya silikoni, aigandamize kwenye mashimo kwa kidole badala ya kuipaka, na aache mng'ao kwenye mashavu. Fanyeni jaribio mwezi mmoja kabla, usiku, chini ya taa, mpige picha, mwone.

Baada ya harusi kuna jambo ambalo mabibi-arusi husahau kuuliza. Mkipanga mtoto mapema, adapalini na tretinoini huachwa kabla ya kushika mimba, na kazi za uso huahirishwa mpaka baada ya kujifungua. Azeleiki unaweza kuendelea nayo kwa ushauri wa daktari. Vidonge vya isotretinoini ulivyomaliza havikuzuii, kwani mwezi mmoja unatosha kutoka mwilini nawe umepitisha mitatu. Lakini chunusi zikirudi na mtu akakuandikia tena, hapo hakuna mzaha: vinaharibu mtoto tumboni, na kinga ya mimba ni lazima kuanzia mwezi mmoja kabla, wakati wote unapomeza, na mwezi mmoja baada. Kwa hiyo zungumza na mwenzako kuhusu mtoto kabla ya kulipia tiba ya mwaka mzima. Na kama siku zako za mwezi huruka, au una ndevu ndevu kidevuni, mweleze daktari. Mabinti wengi wa asili ya Bara Hindi wana tatizo la homoni na vifuko kwenye ovari, chunusi ikiwa ni dalili moja tu, na ukitengeneza uso huku chanzo kikiendelea utakuwa unakausha sakafu bomba likivuja.

Daktari umtafute aliyesomea ngozi hasa. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, lina orodha ya wenye leseni ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama mtandaoni. Andika jina lake, angalia. Wengi wako Nairobi, wapo wa Mombasa, na safari moja ya treni ni nafuu kuliko mashavu yako. Mwulize ameshatibu nyuso ngapi za rangi yako, akuonyeshe picha za wagonjwa wake mwenyewe za miezi sita baadaye, si za wiki moja. Mwulize atafanya nini weusi ukitokea. Mwenye uzoefu hatakasirika, atakujibu kwa kirefu kwa sababu weusi huo umeshawatokea wagonjwa wake. Nawe mweleze yote: ule uso wa miaka 22, isotretinoini, krimu ya Mumbai, kama kuna mtu kwenu ambaye kovu lake huvimba likawa nundu, na kama hutokwa na malengelenge mdomoni ukipata homa, maana hayo huamshwa na leza na hukingwa kwa dawa mapema. Usitarajie uso wa mtoto mchanga. Makovu yakipungua nusu, ukasimama dirishani bila kukumbuka dirisha, daktari wako amefanya kazi nzuri.

Wifi yako sina la kumwambia. Mchumba amekuona mchana, kwa macho yake, akaleta wazee. Mamako naye, siku moja mkiwa wawili, mwambie inakuuma anapokuhamisha. Nadhani hajui. Mwombe akusindikize kwa daktari, na mkae upande wa dirisha kwenye gari.

Kile kichupa mpelekee mfamasia akiharibu, usimrudishie rafiki yako. Kisha niandikie ukishafanyiwa lile jaribio la karibu na sikio na wiki sita zikapita, nataka kujua pamekuwa na rangi gani.